Mawe ya Bitare

Wageni waliofika kijijini kwetu Nyamitaba miaka ile, walipooneshwa shamba la migomba la Marcellin Kanyamibwa, walimwonea huruma. Lilikuwa kwenye mteremko wa Bitare, upande unaotazama machweo, na lilikuwa limesimama wima kiasi kwamba mwanamke mwenye kikapu kichwani alipanda kwa kushika mgomba mmoja hadi mwingine, kama mtu anayepanda ngazi. Udongo wake ulikuwa mweusi na mwembamba. Kati ya shina na shina yalijaa mawe meusi yenye vitundu, ambayo wazee walisema mlima wa moto uliyatapika kabla ya babu za babu zao. Mikungu ya hapo ilikuwa midogo. Bondeni, kwa majirani, wanaume wawili walibeba mkungu mmoja kwa mti mabegani; kwa Marcellin, msichana wa miaka kumi aliubeba peke yake huku akiimba.

Hakuna aliyeendelea kumwonea huruma baada ya kuonja pombe yake.

Niseme mapema kwamba simsifu mtu huyu kwa sababu ya pombe. Nimefundisha miaka kumi na tisa, na nimewaona watoto wanaokuja darasani bila daftari kwa kuwa baba yao amelala kilabuni. Ulevi ni wizi, na anayeibiwa kwanza ni mtoto. Marcellin mwenyewe alikubali jambo hilo kuliko wengi. Aliyefika kwake akiwa tayari ana harufu ya pombe alipewa viazi na maji, akaambiwa aende salama. Pombe ya Bitare ilitoka kwa ndoa, kwa ubatizo, kwa kumaliza matanga na kwa wazee wanaopatana. Nje ya hapo, mitungi yake ilikaa imefunikwa kwa majani.

Alilijua shamba lake kama mama anavyojua kulia kwa mtoto wake. Alikuwa akinieleza, mimi jirani yake, huku akigusa jiwe kwa dole gumba la mguu:

«Mwalimu, kule bonde ukungu unalala mpaka saa sita. Ndizi inakunywa maji, inanenepa, haina kazi. Huku kwangu ukungu unapanda saa tatu, jua linapiga jiwe muchana kutwa, na usiku jiwe linarudishia mugomba ile moto. Mvua ikinyesha, maji inapita mbio, haikai. Sasa huyu mugomba atafanya nini? Anatafuta. Anatafuta chini ya mawe, na ile anapata kidogo, anaiweka yote ndani ya ndizi.»

Padri mmoja wa misioni, aliyezaliwa katika nchi ya mizabibu, alipanda siku moja kuliona shamba hilo. Alichukua udongo mkononi, akaunusa, akatazama mteremko na upande wa jua. Akasema kwamba kwao pia divai nzuri hutoka mahali pa mawe ambapo hakuna mtu angependa kulima maharagwe, na kwamba mzabibu ukishibishwa sana unakuwa mvivu. Marcellin alicheka hadi akakaa chini.

«Padri, basi baba yako na baba yangu walilima mulima moja!»

Wakati wa kiangazi cha mwaka 1967, watu wa Bweremana walikuja kumwomba binti yake wa kwanza, Béata. Mkubwa wao alikuwa mzee Karangwa, baba wa kijana, mtu wa ziwani anayeuza samaki na chumvi, mnene wa sauti, mwembamba wa mwili. Walikuwa wametembea siku mbili na kulala njiani, Sake. Marcellin akatoa mtungi.

Hapa ni lazima nieleze desturi moja. Kwetu, mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, ili wote waone kwamba hakuna kitu kibaya ndani. Halafu, kabla ya kupitisha mrija, anataja shamba ambalo ndizi zilitoka. Anataja jina tu, basi. Lakini jina hilo ni kama kiapo. Aliyetaja shamba la uongo mbele ya wakwe, watoto wake watakumbushwa hata akiisha kufa.

Marcellin alionja, akasema, «Bitare,» akapitisha mrija.

Karangwa alivuta, akafumba macho hata wenzake wakaanza kutazamana. Kisha akasema:

«Hii nilikunywa siku ya ndoa ya dada yangu, nikiwa kijana. Miaka makumi mbili na tano imepita, ulimi haujasahau. Mukwe wangu, ng'ombe za mahari nitaleta, hatutagombana. Kitu moja tu ninaomba. Siku ya ndoa, watu wangu wote bakunywe Bitare. Wote, hapana mimi peke yangu.»

«Watakunywa,» akajibu Marcellin.

Neno hilo lilimtoka kwa furaha, na furaha ndiyo iliyomponza. Wageni walipoondoka alianza kuhesabu. Watu wa Bweremana wangekuwa hamsini, na wa Nyamitaba wengi zaidi. Ilihitajika mitungi kumi na miwili. Bitare, katika msimu mzuri, ilitoa mitano.

Mtu mwingine angekwenda kumwambia mkwe wake ukweli huo. Marcellin alikwenda kwa Hakorimana, jirani mwenye zizi kubwa la ng'ombe. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kasoro moja tu, kwamba kila tatizo la dunia aliliona linatibika kwa mavi ya ng'ombe.

«Kaka, unasumbuka bure,» Hakorimana akamwambia. «Chukua mbolea hapa, chukua yote! Toa na yale mawe, yanakula nafasi ya mizizi. Mwaka ujao utakata mikungu kama ya bonde. Bitare itabaki Bitare, lakini yenye mwili.»

Basi wakaanza. Kwa majuma sita Marcellin na vijana wa ukoo waling'oa mawe kutoka kati ya migomba na kuyateremsha hadi chini, ambako alijenga ukuta mzuri uliosifiwa na kila mpita njia. Kisha wakapandisha samadi, kikapu baada ya kikapu. Mke wake, Athanasie, alisimama mlangoni akitazama, mikono kiunoni.

«Papa Béata, unaoa wewe ao ni mutoto anaolewa? Naona unapamba shamba kuliko bibi-arusi.»

«Utaona mikungu, Mama Béata.»

«Nitaona. Na harufu nimeisha kuona.»

Ilibaki pembe ya juu kabisa, ambapo mteremko ulikuwa karibu ukuta. Palikuwa na mashina saba. Vijana walikataa kupanda huko na mzigo. Marcellin akasema yeye atapanda, akajitwika kikapu kilichojaa, akashika mgomba wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne alikanyaga ganda la mgomba. Watu waliokuwa bondeni walisimulia kwamba walimwona akishuka Bitare kwa makalio, kikapu kikiwa kichwani bado, akisalimia kila mgomba kwa mgongo, mpaka akafika mbele ya miguu ya Athanasie. Hapo ndipo kikapu kilipoamua kupinduka.

Athanasie alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba.

«Karibu, Papa Béata! Umekuja na zawadi!»

Marcellin alijifuta macho, akatazama ile pembe ya juu, akaapa kwamba hayo mashina saba yangekaa na mawe yao na njaa yao. Hakugusa tena huko.

Mwaka ukapita. Mikungu ya Bitare ilinenepa kama Hakorimana alivyoahidi. Ilining'inia mikubwa, ya kijani kibichi, yenye ngozi laini, na watu walipanda kuitazama. Marcellin alitembea kati yao akiwa ameinua kichwa. Mashina saba ya juu yalizaa vimikungu vyao vya kila siku, vigumu, vyenye madoa. Aliona aibu kuvichanganya na vile vikubwa. Ilipofika Agosti 1968, alichimba mashimo mawili ya kuivishia ndizi: moja kubwa kwa ajili ya arusi, na moja dogo, pembeni, kwa ajili ya vile vidogo. «Hiyo tutakunywa sisi wenyewe nyumbani,» alisema.

Akapasha mashimo moto, akafunika kwa majani na udongo, akangoja siku zake. Kisha walikamua ndizi kwa nyasi ndani ya mitumbwi ya mbao ya kukamulia, wakachuja maji yake matamu, wakatia mtama uliokaangwa na kusagwa. Mitungi kumi na mmoja mikubwa ilijaa. Chungu kidogo cha yale mashina saba kilijaa pia, na kikawekwa nyuma ya mlango.

Siku moja kabla ya wageni kufika, asubuhi, Marcellin aliingiza mrija katika mtungi wa kwanza. Nilikuwa hapo kwa sababu nilikuja kuazimisha mabenchi ya shule. Alivuta, akatoa mrija, akautazama kama kwamba ndio wenye kosa. Akaenda kwenye mtungi wa pili. Wa tatu. Alipofika wa kumi na moja, uso wake ulikuwa umebadilika.

«Mama Béata, njoo uonje.»

Athanasie alionja. Haikuwa mbaya. Ilikuwa pombe kama nyingine zote za bonde: nyepesi, yenye maji, tamu mbele na tupu nyuma. Mtu angeinywa na kuisahau kabla ya kufika mlangoni.

«Hii ni ya nani?» Athanasie akauliza polepole.

«Ni ya kwetu.»

 Kisha Athanasie akaenda nyuma ya mlango, akafunua kile chungu kidogo, akavuta. Akamletea mumewe. Marcellin alivuta mara moja tu, machozi yakamlengalenga. Ilikuwa ileile. Ilikuwa na ule moto wa mwisho, ile ladha ya asali iliyokaribia kuungua, na kitu fulani cha jiwe ambacho hakina jina. Mashina saba aliyoyaonea aibu ndiyo tu yaliyokuwa yamebaki Bitare.

Hakorimana alifika, akaelezwa, akaonja vyote viwili. Alikuwa na dawa tayari.

«Kaka, hii iko rahisi sana. Chungu kidogo unaweka mbele ya Karangwa. Unaonja kile, unasema Bitare, naye anakunywa kile. Ni uongo? Si uongo. Wengine bote banapewa mitungi. Na ile mitungi nayo, ndizi zake zilitoka wapi? Si Bitare? Ni Bitare! Nani atakuuliza?»

«Hakuna atakayeniuliza,» Marcellin akasema.

«Sasa unaogopa nini?»

Marcellin akakifunika kile chungu kwa majani. Nami sikusema neno, ingawa ulimi uliniwasha. Mtu mzima hapaswi kusukumwa kuelekea ukweli kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Lakini nilijua, na Athanasie alijua, kilichokuwa kinapimwa. Akisema jina lile juu ya mitungi ile, hakuna mdomo ambao ungemshitaki. Akikataa kulisema, angemwambia mkwe wake mbele ya watu mia kwamba ahadi yake imevunjika, siku ileile binti anapotoka nyumbani. Kulikuwa na watu wa Bweremana ambao, kwa jambo dogo kuliko hilo, waliwahi kugeuza ng'ombe na kurudi nao.

Béata mwenyewe, aliyekuwa akisukwa nywele uani, alisikia yote. Alimwita baba yake na kumwambia kitu kimoja tu:

«Papa, mimi ninaenda kuishi kwa wale watu. Usinipeleke na jina la uongo.»

Kesho yake wakaja kwa nyimbo, wakiwa na ng'ombe wanne wenye pembe ndefu, na Karangwa mbele akiwa amevaa koti jipya. Misa ilisomwa, watu wakaketi kwenye mabenchi yangu na kwenye mikeka. Mitungi kumi na mmoja ilipangwa katikati ya ua, ikiwa imefungwa majani shingoni. Marcellin alitoka na kile chungu kidogo, akakiweka karibu nayo. Sasa ilikuwa zamu ya jina.

Alionja mtungi wa kwanza, kama desturi inavyotaka. Watu wakasubiri. Akanyanyua kichwa.

«Mukwe wangu Karangwa. Nilikuambia watu wako wote watakunywa Bitare. Mitungi hii kumi na moja ilitoka kwa shamba ya Bitare, lakini mimi sitaiita Bitare. Niliiharibu mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Nilitaka iwe mingi. Nilitoa mawe, nikalisha mugomba mpaka ikashiba ikalala. Hii ni pombe ya kawaida, iko safi, mutakunywa hamutagonjwa. Bitare yenyewe,» akagusa chungu, «ni hii. Haitoshi hata watu kumi. Kama nimekukosea, niambie hapa, mbele ya bote.»

 Karangwa alisimama polepole, akaja katikati ya ua. Alivuta kutoka mtungi mkubwa. Akavuta kutoka chungu kidogo. Akarudi tena kwenye mkubwa, kana kwamba anasikiliza watu wawili wanaoshitakiana.

«Hii ndogo,» akauliza, «kwa nini yenyewe haikuharibika?»

«Ilikuwa kwa pembe ya juu. Mbolea haikufika.»

«Kwa nini haikufika?»

 Athanasie, aliyekuwa amekaa na kina mama, alishindwa kujizuia.

«Ilifika, baba, lakini ilirudi! Ilirudi na yeye chini yake!»

Akasimulia yote: kikapu, ganda, migomba iliyosalimiwa kwa mgongo, na zawadi iliyomfikia miguuni. Watu wa Nyamitaba waliokuwa wameona walisaidia kuigiza kwa mikono na kwa makalio. Ua mzima ulilipuka. Mzee mmoja wa Bweremana aliangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka ndani ya bakuli la maharagwe. Karangwa alicheka akiwa amemshika Marcellin bega ili asianguke, na alipopata pumzi akageukia watu wake.

«Munasikia? Mimi nimenunua na kuuza miaka mingi, na kila siku muntu ananiambia samaki ya jana ni ya leo. Huyu angeweza kunidanganya na sikungejua. Ng'ombe banabaki hapa. Mutoto aliyekulia kwa nyumba ya namna hii, sina haja ya kuuliza tabia yake.»

Kisha akafanya jambo ambalo Nyamitaba bado inalisimulia. Aliagiza chungu kidogo kisinywewe na wakubwa. Akawaita vijana wote wa pande mbili, bwana-arusi na Béata wakiwa mbele, akampa kila mmoja mvuto mmoja tu.

«Mukumbuke hii ladha. Ninyi ndiyo mutakuwa mashahidi ikirudi.»

Arusi ile ilikuwa na furaha kuliko zote nilizohudhuria, na naandika kwa kuridhika kwamba hakuna aliyelewa. Ile pombe ya mitungi haikuwa na nguvu hizo. Watu walicheza mpaka jua lilipozama.

Asubuhi, wageni walipokuwa wakifunga mizigo, Marcellin alichukua jiwe moja kutoka kwenye ukuta wake mzuri, akaanza kupanda nalo Bitare. Alikuwa amepanga kuyarudisha yote peke yake, hata kama ingemchukua miaka. Karangwa alimwona. Aliweka koti lake jipya juu ya benchi, akachagua jiwe la kadiri ya umri wake, akamfuata. Bwana-arusi naye akachukua jiwe, akafuatwa na vijana wa Bweremana, na wa Nyamitaba, na kina mama waliobeba kichwani kama wanavyobeba maharagwe. Hata Hakorimana alibeba, tena makubwa mawili, akisema kwamba yeye hakuwahi kuwa na imani na mbolea. Walicheka, wakaimba nyimbo za arusi zilizobaki, na Marcellin alisimama juu akionesha mahali pa kila jiwe: «Hili hapa. Hapana, geuza, uso wake unatazama jua.» Mimi nilibeba manne. Ilipofika saa sita, ukuta haukuwapo tena, na watu wa Bweremana wakaanza safari yao wakiwa na udongo mweusi mikononi na bibi-arusi katikati.

Msimu uliofuata mikungu ilianza kupungua. Krismasi ya 1969, Béata alileta mtoto wake wa kiume abatizwe kwetu. Mitungi ilikuwa mitano tu. Marcellin alionja, akafumba macho kidogo, na kabla hajafungua mdomo, Karangwa alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuchukua mrija.

«Ngoja, mukwe wangu!» Marcellin akamwambia. «Sijataja.»

«Taja basi, upesi. Nimetembea siku mbili.»

«Bitare,» akasema Marcellin Kanyamibwa, na alilisema kwa sauti iliyofika mpaka bondeni.